Siku Mkia Alipotangulia

Kaka yangu anaitwa Mkia, na kabla hujacheka ujue jina hilo alilichagua mwenyewe. Kazi yetu ni kuwapeleka wageni mtoni. Wanakuja kisiwani kwa likizo, wanachoka kulala ufukweni, hoteli inawaleta kwetu kwa basi, na sisi tunamkalisha kila mmoja katikati ya tyubu ya lori iliyojazwa upepo, makalio majini, miguu juu. Mto unawachukua polepole kuanzia darajani mpaka kwenye gati la mbao huko chini, karibu na bahari. Mbele anatangulia jamaa tunayemwita Filimbi, kwa sababu kifaa hicho hakimtoki mdomoni hata akiwa anakula. Nyuma kabisa, baada ya mgeni wa mwisho, anakaa kaka yangu. Mwenye biashara alitaka kumpa nafasi ya mbele kwa kuwa ni mzoefu kuliko sisi wote, akakataa. Alisema mbele unaona maji tu, nyuma unaona watu.

Mimi ni dada yake mdogo. Nakaa kibandani penye pampu, najaza upepo, naziba pancha, nazamisha tyubu kwenye pipa la maji nikitafuta panapotoa mapovu. Pia nasema ninachotaka, maana mwenye biashara hajapata mtu mwingine wa kuvumilia harufu ya mpira na gundi kutwa nzima. Kaka yeye hasemi. Ukimuuliza habari atakwambia nzuri, hata kama amekesha na jino. Tabia hiyo imenitoa jasho tangu utotoni, na ndiyo iliyoleta haya ninayotaka kuyasimulia.

Mkia ana sheria moja tu: hampiti mtu. Mgeni akinasa kwenye jiwe, mkia anasimama. Mgeni akisimama kutazama ndege, mkia anasimama naye, atazame ndege au atazame kucha zake, shauri yake. Kuna mwaka walikuja maharusi, wakashika tawi pale mto unapopinda, wakasahau kwamba duniani kuna watu wengine. Kaka akawangoja nyuma yao, amewapa kisogo, jua linamchoma upande mmoja. Alifika gatini shavu moja limeiva, jingine liko vilevile. Nilimuuliza kwa nini asiwahimize. Akasema walikuwa na raha yao, na yeye hakuwa na haraka.

Kwa kukaa nyuma miaka yote hiyo, amejifunza kusoma migongo. Anasema uso wa mgeni umeshalipia kufurahi, kwa hiyo utafurahi tu, lakini mgongo haujalipia kitu. Shingo ikijikunja kidogo anajua huyo ameanza kuogopa, anatoa kamba na kumfunga kwenye tyubu yake mwenyewe kabla hajaombwa. Bega likining'inia upande anajua huyo na mwenzake wamegombana asubuhi. Hajawahi kupoteza mtu. Wala hajawahi kumwambia mgeni aliyoyaona mgongoni kwake, ingawa mimi ananisimulia tukiwa tunaosha tyubu, na hapo ndipo ninapopata kucheka.

Mkewe alifariki mapema, akamwachia binti mmoja ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kung'oa meno ya utoto. Kaka akamlea mtoni. Shule ikifungwa, binti alikaa kutwa na sisi, kwanza mapajani kwa baba yake, baadaye kwenye tyubu yake mwenyewe ndogo niliyomtafutia, ya gurudumu la gari la kawaida. Alikuwa na ujanja mmoja. Siku ikiwa nzuri na yeye hataki iishe, alishika mzizi wa mti pale maji yanapotulia, baada ya mikondo mikali, akagoma kuuachia. Anajua baba hawezi kumpita. Basi wanakaa pale wote wawili, mmoja ameshika mzizi, mwingine amemshika mwenzake, wakisimuliana hadithi zisizo na kichwa wala miguu, na Filimbi huko chini anapuliza mpaka mishipa inamtoka.

Mtoto wa namna hiyo hukai naye milele. Alisoma, akafaulu, akaenda ng'ambo, akapata kazi kwenye ofisi ya bima, akaolewa na mtu mpole asiyependa kusafiri. Wakapata mtoto wa kike. Mara ya mwisho alikuwa amekuja kabla ya huyo mtoto kuzaliwa, na kaka naye si mtu wa kuvuka bahari. Utashangaa, mtu anayeshinda majini mwaka mzima, lakini mpandishe boti uone anavyotapika kabla kamba haijafunguliwa. Alijaribu mara moja, akashushwa gatini na mizigo yake, amejawa na aibu. Kwa hiyo mjukuu anamjua kwa simu tu. Na simu yenyewe anaishika chini ya kidevu, wale wa upande wa pili wanaona dari na matundu ya pua. Anamwita mjukuu wake "mke wangu", kama babu yeyote. Mjukuu alimjibu siku moja kwamba yeye hawezi kuolewa na mtu ambaye ni pua peke yake. Kaka alicheka mpaka akakaa chini, halafu nikamwona anajipangusa macho kwa kiganja, na haikuwa kwa sababu ya kucheka.

Alikuwa na hamu na mwanawe, hamu ile ambayo haina dawa. Alikuwa akipita madukani anashika vitu vya kike, kitana, ndala, anavirudisha. Alikuwa akiona mgeni mwenye kisogo kinachofanana na kile, anasogeza tyubu yake karibu kidogo, halafu anajirudisha nyuma. Hakusema neno. Lakini mimi pia ninaweza kusoma mgongo, wa kwake angalau.

Siku binti alipopiga simu na kusema anakuja kisiwani na wenzake wa kazini, likizo ya ofisi, na kwamba kwenye ratiba yao kuna siku ya kwenda mtoni kwa tyubu, kaka alitoka nje ya kibanda, akarudi, akatoka tena. Aliuliza swali moja tu, kama atalala nyumbani. Binti akasema, "Tutaona, baba, ratiba imebana."

Kwangu mimi "tutaona" ni neno la fundi cherehani: nguo hupati. Kwa kaka lilikuwa ahadi. Alianza na chumba. Chumba cha binti tulikuwa tumekijaza tyubu zilizokufa, zile ambazo hata mimi nimezikatia tamaa. Akazihamishia uani kwangu bila kuniuliza. Akafagia utando wa buibui, akatengeneza bawaba ya dirisha, akanunua chandarua, akapaka rangi mwenyewe, kijani ile ya wodini. Nilimwambia mtu akilala humu ataota sindano. Akaniomba nimshonee foronya. Nikamuuliza anapokea mtoto au waziri. Akasema mtoto, kana kwamba nilikuwa nauliza kweli. Usiku mmoja tu, ndio aliokuwa akiutamani. Binti alale chini ya paa lake usiku mmoja, asubuhi amsikie akipiga mswaki uani.

Siku yenyewe alifika kazini amenyoa, fulana ya kazi ameipiga pasi, ule mstari wa kiraka begani umelala vizuri. Basi la hoteli likaja na kundi la watu waliovaa fulana za njano, wanaimba, wanapigana picha. Binti akashuka. Alikuwa amenawiri, amevaa miwani ya jua, mkono wake umeshikwa na mama mmoja wa makamo aliyeonekana kuwa mkubwa wao wa ofisi. Mimi nilikuwa nimekaa na tyubu magotini, mikono imejaa povu la sabuni. Nikamwona anavua miwani. Nikamwona anafungua mdomo.

Sasa mwenye biashara naye ana sheria yake, kwamba mbele ya wageni sisi hatuna ndugu. Aliiweka tangu siku binamu wa Filimbi alipokuja na kundi, akapewa tyubu mpya na kuimbiwa wimbo, na wengine wakanuna mpaka gatini. Kaka angeweza kuivunja sheria hiyo siku hiyo, hakuna ambaye angemuuliza. Lakini aliangalia zile fulana mpya, akamwangalia yule mama, akaangalia kiraka chake. Akapita anasalimia kila mtu kwa mkono. Alipofika kwa mwanawe, akampa mkono vilevile, akasema, "Karibu sana, dada. Jisikie nyumbani," akaenda kwa mwingine.

Binti alibaki na salamu mdomoni. Akavaa miwani yake.

Alipokuja kibandani kuchukua tyubu alinikumbatia na povu langu lote. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, baba ana nini?" Ningeweza kumweleza. Lakini nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika. Nilikasirika na kaka kwa ule mkono wake wa kizembe, nikakasirika na binti kwa miaka yote ile ya "tutaona". Nikamwambia amuulize mwenyewe, mimi najaza upepo tu. Nikampa tyubu ya mwisho kwenye rundo, ili aingie majini wa mwisho, karibu na mkia. Huo ndio mchango wangu.

Wakaondoka. Nikapakia vitu kwenye pikapu, nikateremka kwa barabara kwenda kuwangoja gatini. Yaliyotokea mtoni nimeambiwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakutofautiana sana.

Mwanzoni ilikuwa kelele tu. Wale wa ofisini wanagongana tyubu, wanarushiana maji, mmoja anapiga kelele kwamba ameguswa na samaki kumbe ni jani. Binti alikaa nyuma yao, amenyamaza. Kaka alikuwa nyuma yake, ameutazama mgongo wake njia nzima. Aliniambia ulikuwa mgongo wa mtu aliyezuia kulia, akaelewa kwamba binti anaona haya, wenzake wasije wakajua baba yake ndiye huyu mzee wa tyubu. Akazidi kujirudisha nyuma ili amrahisishie. Miaka yote ile ya kusoma migongo ya watu, na wa mwanawe akausoma kichwa chini miguu juu.

Wakapita mikondo mikali. Maji yakatulia. Wale wengine wakapinda kona wakiimba, sauti zao zikafifia. Binti akanyoosha mkono, akashika mzizi, tyubu yake ikageuka na kusimama.

Kaka alidhani amenasa. Akasogea, akashika jiwe ili asimpite, akamuuliza kama dada anahitaji msaada.

"Sijanasa," binti akasema. "Nimeshika."

"Wenzako wanakwenda."

"Waende. Mkia si hampiti mtu?"

Maji yalikuwa yanapita chini yao. Binti akavua miwani, na kaka akamwona uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kwa sababu huko darajani alikuwa amemtazama mkono tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama," kaka akasema.

"Nimekukosea nini? Mimi nimekuwa dada yako tangu lini?"

Ikabidi aseme. Ninaambiwa ilimchukua muda, na kwamba alianza na habari za sheria ya mwenye biashara, binti akamtazama tu mpaka akaiacha. Halafu akasema lile lililokuwepo. "Nilikuona uko na wakubwa zako. Nikaona nisikuaibishe. Fulana yangu ina kiraka."

Binti akacheka, halafu akalia, au vyote pamoja. Akamwambia basi zima lilikuwa linajua. Amewasimulia tangu kwenye boti, kwamba baba yake ndiye mkia, kwamba hajawahi kupoteza mtu, kwamba kuna mzizi fulani ambao atawaonyesha. Waliposhuka darajani walikuwa wanamuuliza yupi, yupi. "Ulipopita na kunipa mkono kama mgeni, nilijua umekasirika nimekaa muda mrefu sijaja. Wakaniuliza tena. Nikawaambia leo hakuja kazini."

Kaka anasema hilo lilimwingia kuliko kitu chochote alichowahi kuambiwa, kwamba alikuwa pale, amesimama, amepiga pasi, na mwanawe akalazimika kusema hayupo. Hakujitetea. Aliachia jiwe, akashika ukingo wa tyubu ya binti, zikawa mbili zinashikiliwa na mzizi mmoja. Akauliza lile alilokuwa amelibeba kwa majuma yote yale.

"Utalala nyumbani?"

Huko chini Filimbi akapuliza, mara moja ndefu, maana yake mko wapi. Kaka akapuliza filimbi ya kwake, fupi mbili, tuko salama.

"Boti ya kesho imeharibika," binti akasema. "Wametuambia asubuhi hii. Tunaondoka jioni hii, na mtoto nimeshamwambia narudi leo."

"Sawa."

"Usiseme sawa, baba."

"Niseme nini?"

"Sema kitu kingine chochote."

Kaka alifikiri. Akasema amepaka rangi chumba. Binti akainamisha kichwa. Filimbi akapuliza tena. Hapo ndipo binti alipomwambia apite mbele, leo mkia ni yeye. Kaka akakataa. Haijawahi kutokea, na mgeni hawezi kubaki nyuma peke yake, hata awe nani. Binti akasema yeye si mgeni, na huo mzizi hauachii mpaka baba apite, na baba anajua vizuri kwamba yeye anaweza kukaa pale mpaka giza. Alikuwa anamjua baba yake. Kaka akapita.

Kwa hiyo kipande chote kilichobaki, kaka alitangulia na binti akafuata, akiutazama mgongo wake. Miaka yote ile simu ilikuwa inamwonyesha dari na pua, na sauti inayosema nzuri, nzuri. Mgongo hakuwa ameuona. Aliniambia baadaye, kwa hasira hasa, "Shangazi, mbona hukuniambia?" Mabega yamechongoka chini ya ile fulana. Shingo imekuwa nyembamba, ngozi yake imelegea kwa nyuma. Na kila baada ya muda kidogo alikuwa anageuza kichwa nusu, bila kumaliza, kuhakikisha kwamba bado yupo.

Walipotokea kwenye kona, Filimbi alisahau filimbi yake. Mkia ametangulia, mgeni yuko nyuma. Akaanza kuhesabu watu upya kwa kidole, akijua kuna msiba. Wale wa fulana za njano walikuwa wamekaa gatini wanajikausha. Binti akatoka majini, akamshika baba yake mkono akiwa bado hajasimama vizuri, akasema, "Huyu ndiye baba yangu. Nilisema hakuja. Nilikosea." Wakasimama wote. Yule mama wa ofisini akampa kaka mikono yote miwili, akamwita mzee wetu, akasema wamemsikia mpaka wanamjua. Kaka akatazama chini, maji yanamchuruzika, anajaribu kuficha kiraka kwa kiganja.

Mimi nikachukua nafasi hiyo. Nilimfuata yule mama, nikamwomba. Sijui kubembeleza, kwa hiyo nilimweleza kama ninavyoeleza pancha: hapa pana tundu, na dawa yake ni hii. Nyumba ya kaka iko jirani na gati, kando ya barabara ya bandarini. Wao wanarudi hotelini kula na kufunga mizigo, basi lao lazima lipite hapa wakienda botini; binti abaki kwa baba yake, wamchukue wakipita. Yule mama alikubali kabla sijamaliza. Mwenzake binti wa chumba kimoja hotelini angemfungia begi. Dereva angepiga honi.

Tukatembea, watatu. Kaka alitangulia kufungua mlango, akafungua na dirisha ili harufu ya rangi ipungue, akasimama pembeni kama mtu anayeuza nyumba. Binti akaingia chumbani kwake. Akatazama kuta, akatazama foronya yangu. Nilikuwa najua anachofikiri kuhusu ile kijani, lakini alisema ni nzuri sana. Akasema anyooshe mgongo kidogo tu, chai ikiwa tayari aitwe. Hakuwa amelala usiku uliotangulia, alisema, kwa kuwaza atakavyomkuta baba. Akajilaza na nguo zake zenye unyevu. Maji hayajaanza hata kuimba kwenye birika, akawa amelala fofofo.

Nikamletea kaka chai yake. Alikuwa amevuta kiti, amekaa mlangoni pa chumba, mikono magotini. Nikamwambia amwamshe. Ana maneno ya miaka kifuani, mtoto ndiye huyu, muda ndio huu, anauangalia tu unapita. Akanionyesha kwa mkono nipunguze sauti.

"Mwache alale," akasema.

Nikataka kugomba. Nikamtazama usoni, nikashindwa. Alikuwa anamsikiliza anavyopumua. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kwa makini, na kila binti alipojigeuza, naye aliinua mgongo kitini, akatulia tena. Nilikaa sakafuni karibu yake nikanywa chai ile mimi, kwa sababu yeye alikuwa ameisahau. Sijawahi kumwona kaka yangu na furaha ya namna hiyo, na sijawahi kumwonea huruma hivyo. Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili.

Honi ikapigwa.

Binti hakushtuka. Kaka naye hakusogea. Mimi ndiye niliyeanza, na sijutii. Nilimnong'oneza kwamba dereva haijui nyumba, anapiga honi barabarani tu. Simu ya binti iko kwenye begi, begi liko kwenye basi. Tukinyamaza watapiga mara mbili tatu, watadhani ametangulia bandarini kwa pikapu, wataondoka. Boti ya kesho itatengenezwa. Usiku mmoja, si ndio aliokuwa anauomba? Hajaiba. Mtoto amelala tu kwao.

Honi ikapigwa tena. Kaka alikuwa anataka, kila kiungo chake kilikuwa kinataka, na nilijua nimeshinda.

Halafu akasema, "Kuna yule mdogo."

Nikamuuliza mdogo yupi.

"Mke wangu. Ameambiwa mama anarudi leo. Atakaa mlangoni. Mimi najua kukaa huko kulivyo."

Akasimama. Akaingia chumbani, akainua chandarua, akapiga goti kando ya kitanda kwa shida, maana magoti yake siku hizi hayamtii. Akamgusa begani, palepale fulana ya njano ilipokuwa bado mbichi.

"Amka, mama. Mtoto anakungoja."

Binti hakufungua macho. Akavuta shuka akajifunika shavu, akasema kwa sauti ile ya asubuhi za shule, sauti ambayo mimi nilidhani imeshapotea duniani, "Bado kidogo, baba."

Kaka akabaki amepiga goti. Honi ikapigwa mara ya tatu. Akainuka, akapita mbele yangu bila kunitazama, akatoka nje peku, akavuka ua mpaka barabarani, akasimama mbele ya lile basi na watu wake wote, mkono ameuinua juu.

Dereva akazima injini.